Kata kwenye nakala, toa kwenye asili: niliyowaambia vijana wa kamera na kuediti

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi moja hapa Dar mbele ya vijana wanaopiga na kuediti video za harusi, mahubiri na matangazo. Waliokosa waliniomba niyaandike, nimeyaandika vile vile yalivyotoka mdomoni.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi ndio siku yetu ya kazi na kuna mtu hapa jioni ana sendofu Mbezi, betri zake kaziacha zinachaji nyumbani, kwa hiyo sizunguki, naingia kwenye mada.

Nyoosha mkono kama wiki hii laptopu yako imeganda ukiwa katikati ya kuediti. Haya, naona mikono mingi, na naona hata wenye mashine za milioni tatu wamenyoosha. Shusheni. Sasa nyoosha mkono kama umewahi kumuomba mteja siku tatu za nyongeza, ukamwambia umeme ulikatika, na sababu ya kweli ilikuwa video haichezi. Naona. Hamna haja ya kuona aibu, mimi hilo nimeliishi miaka na ndio maana nimeomba nafasi ya kuongea leo, nataka mtoke hapa mkijua jambo moja tu, nakala ndogo za video za kukatia, hizi tunazoita proksi, maana zimeniokoa mimi na nimeona vijana wanaacha kazi hii kwa kukosa kuzijua.

Niwaambie nilivyoanza. Mwaka 2005 nilikuwa msaidizi kwenye studio moja Kariakoo, enzi za kanda ndogo za video za MiniDV, wengine tukiziita DV tu. Kompyuta tuliyokuwa nayo ilikuwa Pentium 4, RAM yake megabaiti 512, hiyo leo hata simu ya bei ya chini kabisa inaipita mara kadhaa. Lakini sikilizeni, ile kompyuta ilikuwa inacheza video bila kukwama. Nilikuwa napeleka mbele, narudisha nyuma, nasimamisha palepale mama anapofuta chozi, nakata, naendelea. Fundi wangu alikuwa ananiambia mwanangu sikiliza pumzi ya mtu, kata pale anapovuta pumzi, na nilikuwa naweza maana picha ilikuwa inanifuata mkono.

Halafu 2010 nikajichanga nikanunua kamera ya DSLR, na laptopu mpya kabisa, yenye nguvu mara nyingi kuliko ile Pentium. Nikapiga harusi yangu ya kwanza kwa kamera ile, picha nzuri ajabu, mandharinyuma yamefifia kama kwenye sinema, nikarudi nyumbani nina furaha, nikaingiza kwenye kompyuta, nikabonyeza kucheza. Ikaganda. Nikasubiri. Ikaruka sekunde mbili, ikaganda tena. Ile harusi nilikaa nayo wiki sita, wiki sita jamani, dada wa bibi harusi akawa anakuja dukani anakaa kwenye benchi anasubiri bila kuongea, na mimi ndani nalia kwa sababu niliamini mimi ndio sijui kazi. Nikauza kamera ya zamani nikaongeza RAM. Bado. Nikakopa kubadilisha hadi diski. Bado.

Sasa jiulizeni, kwa nini Pentium 4 iliweza na laptopu mpya ikashindwa? Hapa ndipo pa kuelewa, mkielewa hapa mengine yote ni kubonyeza vitufe tu.

Ile kanda ya DV ilikuwa inatumia megabiti 25 kwa sekunde, saa moja inakula kama gigabaiti 13, na kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, ilikuwa inajitegemea. Fremu ya kwanza ni picha kamili, ya pili ni picha kamili, ya elfu moja ni picha kamili. Ukiiambia kompyuta nipe fremu ya 743, inaenda pale, inachukua, inakuonyesha, basi.

Hizi kamera za leo, na simu, na droni, nyingi zinaandika kwa kodeki, yaani namna ya kubana na kuhifadhi video, inayoitwa H.264, iliyotoka 2003, au mdogo wake H.265 wa 2013. Hizo kodeki zina akili sana, na akili yake ni kubana. Zinahifadhi picha moja kamili, halafu zinazofuata haziandiki picha, zinaandika mabadiliko tu. MC kasimama, ukuta wa nyuma haujasogea, kwa hiyo kamera inaandika "ukuta ule ule, mdomo umesogea kidogo". Inaenda hivyo fremu kumi na kitu, wakati mwingine zaidi, ndio inaandika tena picha moja kamili. Na kuna fremu nyingine ni ngumu zaidi, zinategemea iliyopita na inayokuja, zote mbili.

Mmewaona watoto wa madrasa wadogo waliohifadhi sura bado mbichi mbichi? Ukimwambia soma, anasoma kuanzia juu hadi mwisho bila kosa, vizuri kabisa. Lakini umkatishe umwambie hebu nianzie aya ya saba, utamuona anatazama juu, midomo inacheza, anarudi kuanzia ya kwanza kimoyomoyo mpaka aifikie ya saba ndio atoe sauti. Si kwamba anajua kidogo huyo, ndivyo alivyohifadhi. Faili la H.264 liko hivyo hivyo. Ukiliangalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwenye tivii halina shida, limetengenezwa kwa ajili hiyo, kutazamwa na kusafirishwa. Lakini kuediti ni kazi ya kukatisha, unaruka huku, unarudi kule, unavuta fremu mbili nyuma, unarudia sekunde moja mara ishirini, na kila ukiruka kompyuta inarudi kwenye picha kamili ya karibu, inajenga upya moja moja mpaka ifike pale ulipo. Sasa fikiria ni 4K, fremu moja ina nukta 3840 kwa 2160, hiyo ni zaidi ya milioni nane. Halafu fikiria una kamera tatu unazicheza kwa pamoja.

Jaribuni wenyewe leo. Kwenye programu nyingi za kuediti kuna herufi tatu, J, K na L. L inacheza mbele, K inasimamisha, J inacheza nyuma. Wekeni klipu ya 4K ya kamera yenu, bonyezeni L, labda itacheza. Halafu bonyezeni J. Hapo ndipo mashine inakata roho, maana kurudi nyuma kwenye faili la mabadiliko ni kumwambia yule mtoto asome sura kinyumenyume.

Kwa hiyo wewe uliyekopa ukanunua laptopu ya gemu ukakuta bado inaganda, hukudanganywa kwamba ina nguvu. Ina nguvu kweli. Ila kufungua hizi kodeki kuna kipande maalum ndani ya chipu kinachofanya hiyo kazi, na kila kipande kinajua aina zake. Kamera nyingi za sasa mkiziweka kwenye biti 10 na 4:2:2, ile wanayoisifia kwa rangi, kadi nyingi za picha za laptopu za gemu za miaka ya nyuma hazina kipande cha kuifungua kwenye H.265, wakati prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 yenye kadi ya picha ya ndani inacho, na chipu za Apple kuanzia M1 zinacho. Ndio maana unaona jamaa ana laptopu ya kawaida tu ya ofisi inateleza na wewe wa milioni nne unaganda, unabaki unajiuliza umekosea wapi. Hujakosea. Kabla hujakopa tena, tengeneza proksi.

Proksi ni nini sasa. Ni nakala ya klipu yako, ndogo, nyepesi, imetengenezwa kwa ajili ya kukatwa. Unaacha faili lako la asili limekaa pembeni, safi, hulichokozi. Programu inakuonyesha ile nakala wakati unakata, na siku ya kutoa kazi inaweka kando nakala inachukua la asili. Maamuzi yako yote, hapa nimekata, hapa nimevuta karibu, hapa nimeweka muziki, yanahamia kwenye la asili yenyewe.

Mafundi cherehani wetu wanaijua hii tangu zamani. Ukimpelekea fundi mzuri kitambaa cha gharama, kile cha sare ya kamati ambacho hakuna ziada, hashiki mkasi palepale. Anachukua gazeti au karatasi ya kaki, anachora, anakata karatasi, anakupima, anarekebisha bega, karatasi ikiharibika anachukua nyingine. Akiridhika ndio analaza karatasi juu ya kitambaa na kukata mara moja. Karatasi haivaliwi, lakini nguo imetengenezwa kwenye karatasi.

Na naomba mnisikilize hapa, maana kuna mtu ataniambia dada hiyo ni dawa ya wasio na hela. Sivyo. Enzi za filamu za mkanda, edita hakuwahi kugusa negativu yenyewe. Walikuwa wanachapa nakala ya kufanyia kazi, hiyo ndio inakatwa, inabandikwa, inakwaruzwa, inachorwa kwa penseli ya nta, na pembeni ya mkanda kulikuwa na namba, kwa hiyo edita akimaliza mtu mwingine mwenye glavu anachukua negativu anaikata kwa kufuata zile namba. Avid ilipoleta kuediti kwa kompyuta mwaka 1989, diski zilikuwa ndogo mno, picha za kukatia zilikuwa mbaya mpaka unaona vibokisi, wakakata hivyo hivyo, halafu wakarudi kwenye kanda za asili kutoa kazi ya mwisho. Na mpaka leo hii sinema kubwa zinapigwa kwa kamera za 6K na 8K, chumba cha kuediti kinafanyia kazi kwenye nakala. Wenye hela zote duniani wanakata kwenye nakala, sasa wewe na mimi tunang'ang'ania kukata kwenye la asili kwa sababu gani?

Tupige hesabu kidogo, mimi napenda hesabu. Harusi ya kamera tatu, kila moja imerekodi saa tatu, jumla saa tisa. Kamera ya 4K inayoandika megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, saa tisa ni 405. Ukitengeneza proksi za ProRes Proxy, kodeki ya Apple, za 1080 kwa fremu 25 kwa sekunde, ni kama megabiti 38 kwa sekunde, saa moja gigabaiti 17, harusi nzima kama 154. Hiyo ndio ninayoipenda mimi kwa kukatia, maana kila fremu inajitegemea, ni kama tumerudi kwenye enzi ya DV ila picha nzuri zaidi. Kama uko kwenye Windows na programu yako haitoi ProRes, kuna DNxHR LB ya Avid, uzito wake karibu sawa na kazi yake ile ile.

Kama diski yako haina nafasi, au unataka kumtumia mwenzako aliye Unguja akukatie, tengeneza H.264 ya 720 yenye megabiti 9 hivi, saa tisa zote zinakuwa kama gigabaiti 36, zinaingia kwenye flashi ya 64. Ndio, bado ni kodeki ya mabadiliko, lakini fremu ya 720 haifiki nukta milioni moja, fremu moja ya 4K ni sawa na tisa za 720, kwa hiyo hata laptopu ya zamani inaibeba. Mwenzako anakata, anakurudishia faili la mradi tu ambalo ni dogo sana, wewe mwenye asili unaunganisha na kutoa. Mmeona mlivyookoa kwenye bando.

Kuna watu wanachanganya proksi na kile kitufe cha kupunguza ubora wa kuchezea, nusu, robo. Kile kinasaidia kiasi, lakini faili la asili bado linafunguliwa lile lile, yule mtoto bado anarudi aya ya kwanza. Kitumie, ila usikitegemee.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo watu hawalisemi wanapoongelea proksi. Wanasema zinaokoa muda, ni kweli, ila mimi naona kubwa zaidi ni jicho. Unapokata video inayokwama, unakata kwa kukisia. Huwezi kujua kama ile pozi ya baba kabla hajaanza kumuusia binti yake ni ndefu mno au ni tamu, kwa sababu huoni pozi, unaona mashine imeganda, na huwezi kutofautisha baba ameganda kwa uchungu au laptopu imeganda kwa uzito. Kwa hiyo unakata haraka, unaweka mpito wa kuzungusha, unaweka muziki mkubwa kufunika. Nimeangalia kazi za vijana wengi wa hapa mjini, wana kamera nzuri, mwanga wanaujua, lakini ukataji hauna pumzi, na nikienda kukaa nao nakuta wamekata kazi nzima bila kuiona ikicheza mwendo wake wa kawaida hata mara moja. Wanaiona kwa mara ya kwanza baada ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Inaniuma, kwa sababu vipaji vipo.

Siku niliyotengeneza proksi kwa mara ya kwanza ilikuwa sendofu, mama wa bibi harusi alishika maikrofoni akashindwa kuongea, sekunde kumi na moja kimya, ukumbi mzima kimya, halafu shangazi mmoja nyuma akapiga kigelegele na mama akacheka katikati ya machozi. Kabla ya hapo ningekata zile sekunde. Safari hii niliicheza, nikairudisha kwa J, nikaicheza tena, ilikuwa inateleza, nikaziacha zote kumi na moja. Yule mama alinipigia simu usiku. Hakuniambia picha ni kali. Aliniambia umeniacha nilie.

Haya, kutengeneza. Napita haraka maana baadaye tunakaa kwenye mashine. Kwenye Premiere, programu ya kuediti ya Adobe, kitu hiki kimo ndani tangu 2016, unachagua klipu zako kule zilipoingia, kliki ya kulia, Proxy, halafu "Create Proxies", unachagua aina, Media Encoder, programu yake ya pembeni ya kugeuza video, inafunguka inaanza kazi, wewe nenda kale. Zikiisha zinajiunganisha zenyewe. Halafu chini ya skrini ya kuchezea kuna alama ya kujumlisha, humo kuna kitufe cha "Toggle Proxies", kivute kikae nje, kikiwa cha bluu unaona nakala, kikizimwa unaona asili. Kwenye DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuediti, hata ile ya bure, kliki ya kulia, "Generate Proxy Media", na kwenye menyu ya Playback unachagua kama unataka kuona proksi au asili. Kuanzia toleo la 18 la 2022 inakuja na kiprogramu cha pembeni, unakionyesha folda tu, kila klipu ikiingia humo kinaitengenezea proksi chenyewe. Final Cut inazo, Kdenlive na Shotcut za bure zinazo, CapCut ya kwenye kompyuta ukiingia kwenye mipangilio utaikuta. Programu nyingi mnazotumia zinazo.

Na wengine mnazo proksi tayari mnazifuta bila kujua. Ukitumia GoPro kuna vifaili vina mwisho wa LRV, mnaviona ni takataka, ile ndio nakala ndogo ya klipu yako, ukiibadilisha mwisho wake ikawa mp4 inafunguka. Kamera nyingi za Sony mkiwasha kurekodi proksi, kamera inaandika zote mbili kwa pamoja, ya asili inakaa kwenye folda ya CLIP na ndogo kwenye folda ya SUB, jina lile lile limeongezwa S03 mwishoni. Unafika nyumbani proksi zipo, hakuna kusubiri usiku kucha. Ila nakili kadi nzima, folda zote kama zilivyo, msiingie ndani kuchukua klipu tu.

Sasa mitego, na hapa tafadhali andikeni.

Wa kwanza umeumiza wengi, majina. Kamera mbili za aina moja, moja iko kwa bibi harusi, nyingine kwa bwana harusi, zote zimeanza na C0001. Ukizimwaga folda moja, au proksi zake ukaziweka folda moja, siku ya kuunganisha programu inaweza kuchukua C0001 ya kule ikaiweka huku, unatoa kazi unakuta bwana harusi anavaa koti katikati ya wimbo wa bibi harusi. Kwa hiyo folda ya kamera A, folda ya kamera B, na ukitaka kubadilisha majina badilisha kwenye nakala ya kompyuta kabla hujaingiza kwenye programu na kabla hujatengeneza proksi. Ukishatengeneza, usiguse jina tena.

Wa pili ni sauti na mwendo. Proksi lazima iwe na fremu kwa sekunde sawa na asili, urefu sawa, na idadi ya njia za sauti sawa. Asili ina njia nne za sauti na proksi ina mbili, Premiere itakataa kuiunganisha. Ndio maana nasema tengenezeni ndani ya programu yenyewe, msitumie kigeuzi cha pembeni mpaka mjue mnachofanya. Na umeme ukikatika katikati ya kutengeneza, msiamini faili lililobaki, angalieni urefu wake, likiwa fupi lifute lianze upya.

Video za simu za ndugu hizo ni kesi nyingine. Mjomba kapiga kwa simu, unataka kuiweka. Simu nyingi hazina mwendo mmoja wa fremu, saa nyingine 30, saa nyingine 28, kulingana na mwanga. Ukizitengenezea proksi hivyo hivyo, utakata vizuri, halafu ukirudi kwenye asili midomo na sauti vinaachana. Kwanza zigeuze kwa programu za kugeuza video kama HandBrake au Shutter Encoder ziwe na mwendo mmoja usiobadilika, ubora wa juu, na hiyo uliyogeuza ndio iwe asili yako mpya, proksi itengenezwe kutoka hapo.

Na huu mwingine ni wa kwangu mwenyewe, niuseme taratibu. Mwaka 2012 nilisikia juu juu kwamba watu wanakata na video ndogo, sikumuuliza mtu. Nikachukua klipu zote za harusi, nikazigeuza kuwa ndogo, nikaingiza zile ndogo peke yake kwenye programu, nikakata, ikateleza, nikafurahi. Kwa sababu zile za asili zilikuwa zimejaza diski na kesho yake nina kazi nyingine, nikaona kazi imeshaingia, nikafuta, nikafomati kadi. Siku ya kukabidhi waliifungua kwenye projekta ya ukumbi, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Sura hazionekani. Kope hazipo, shanga za gauni zimekuwa ukungu. Bibi yake bwana harusi alikuwa amefariki wiki tatu baada ya harusi, ile ndio ilikuwa video yake ya mwisho, na mimi nilikuwa nimefuta uso wake nikabaki na kivuli. Niliwarudishia hela, wakapokea bila kunitukana, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi.

Kwa hiyo proksi isiyo na asili ni video mbovu tu. Asili zikae sehemu mbili tofauti kabla kadi haijafomatiwa, diski mbili, si folda mbili kwenye diski moja. Proksi unaweza kufuta hata leo, zinatengenezwa tena. Na msichanganye kuingiza video ndogo na kuunganisha proksi, mimi niliingiza, nyie muunganishe. Ukiunganisha, hata ukimvuta mtu karibu kwa asilimia 130, programu inajua hesabu hiyo ni ya fremu ya 4K. Ukibadilishana mafaili kwa mkono, kila ulichovuta kinahama.

Siku ya kutoa kazi Premiere inachukua asili yenyewe, ila kwenye dirisha la kueksipoti kuna kitufe cha kutumia proksi, hakikisha hakijatikiwa. Resolve pia inacho kwenye ukurasa wa kutoa. Final Cut rudisha kwenye kuona asili kabla hujatoa. Mkimaliza, fungueni kazi, simamisheni kwenye sura ya mtu, tazameni kope. Mimi kila kazi natazama kope.

Na kuna kazi hazifanyiki kwenye proksi. Kuangalia fokasi, zima proksi uone asili. Kupaka rangi, kuondoa chengachenga za usiku, kukata mandhari ya kijani, kutuliza picha iliyotikisika, zote hizo rudi kwenye asili. Mimi nakata kazi nzima kwenye proksi, stori ikikaa nikiridhika, nazima proksi, naanza rangi. Hapo mashine itakuwa nzito tena, sawa, lakini huchezi tena na pumzi, unapaka klipu moja baada ya nyingine.

Muda wangu umeisha naona mwenyekiti ananionyesha saa. Chai iko pale nyuma, dakika kumi na tano. Mliokuja na laptopu, chomekeni chaja sasa hivi maana soketi ni chache. Mwenye kadi ya harusi ya jana ambayo bado hajaigusa ailete hapa mbele, tuinakili mara mbili kwanza, halafu tutengeneze proksi zake mbele ya kila mtu, na yeye mwenyewe ndio atabonyeza J.